Chapa ya akriliki ya saa za Dalí: fedha yako iko mgongoni mwa picha

Swali: Shikamoo mtaalamu. Naishi Ilazo, hapa Dodoma. Mume wangu anaupenda sana ule mchoro wa Salvador Dalí wa saa zinazoyeyuka, nami nataka kumnunulia nakala yake iliyochapwa kwenye akriliki, sentimita 60 kwa 90, niitundike sebuleni kwenye ukuta unaotazamana na dirisha la magharibi. Nimepata wauzaji wawili. Mmoja yuko hapa hapa mjini, mwingine yuko Dar es Salaam na bei yake ni karibu mara tatu ya mwenzake. Wote wanasema yao ni “akriliki halisi”. Tofauti iko wapi? Na vumbi letu hili halitaiharibu?

Jibu: Marahaba, dada. Kabla hujatoa advansi kwa yeyote, waulize wote wawili jambo moja: picha imekaa mbele ya bamba la akriliki au nyuma yake, na imeshikwa na nini? Jibu lao litakueleza karibu tofauti yote ya bei, maana kwenye kazi hii fedha nyingi huenda mgongoni, mahali ambapo mnunuzi hapatazami.

Maneno “akriliki halisi” peke yake hayakuambii kitu. Kuna rangi ya akriliki wanayotumia wachoraji, na kuna akriliki ya bamba, ile plastiki ngumu inayong'aa kama kioo ambayo wengi huiita Perspex, ingawa hilo ni jina la biashara la bamba moja tu kati ya mengi. Unayotafuta wewe ni ya bamba. Hata fundi aliyebandika stika juu ya bamba hasemi uongo akisema ameuza akriliki. Bamba ni akriliki kweli, ila picha haimo ndani yake.

Na hiyo stika ndiyo njia ya kwanza, ya bei ndogo kuliko zote. Picha huchapwa kwenye stika ileile ya matangazo ya magari, kisha hubandikwa usoni mwa bamba. Hapo akriliki imegeuka ubao wa kubandikia tu. Mng'ao na kina unachokitamani havitakuwepo, kwa sababu jicho halipiti ndani ya plastiki kuifikia picha. Baada ya misimu miwili mitatu ya joto pembe huanza kujikunja na vumbi huingia chini yake. Kuitambua ni rahisi: pitisha ukucha kutoka ukingoni kwenda katikati. Ukigusa ngazi ndogo, hiyo ni stika.

Njia ya pili ni kuchapa moja kwa moja mgongoni mwa bamba kwa printa ya wino wa UV, wino unaokaushwa papo hapo kwa taa ya mionzi. Picha huchapwa kinyume ili ukiitazama kwa mbele ikae sawa, halafu juu ya rangi hupitishwa wino mweupe. Weupe huo ndio roho ya kazi. Usipokuwepo, au ukiwa mwembamba, rangi hupauka na ukuta wako huonekana kwa nyuma. Agiza weupe upitishwe mara mbili. Ukienda kuichukua, washa tochi ya simu nyuma ya bamba: mwanga ukipenya kwa mabaka, mabaka yakionekana mekundu au ya njano, weupe hautoshi. Njia hii ina udhaifu mwingine pia. Wino wa UV haupendi kushika kwenye akriliki laini kama bamba halikusafishwa vizuri na kupakwa dawa ya kushikisha wino. Omba kipande cha majaribio, bandika selotepu mgongoni, ibonyeze kwa kidole gumba, kisha ing'oe kwa nguvu. Wino ukitoka na selotepu, kazi hiyo haifai hata kwa nusu bei.

Njia ya tatu ndiyo huenda anayokutajia muuzaji wa Dar, kama anasema kweli. Picha huchapwa kwenye karatasi bora ya picha, ikabandikwa uso kwa uso mgongoni mwa bamba kwa gundi angavu isiyoonekana, kisha nyuma ya karatasi likabandikwa bamba la pili la kuilinda, kwa kawaida lile la aluminiamu lenye plastiki katikati ambalo mafundi wa mabango hulijua kwa jina la Alucobond, unene wa milimita 3. Hii ni ghali kwa haki. Gundi ina gharama, mashine ya kubandika lazima iwe na rola za shinikizo sawasawa, na chembe moja ya vumbi ikinaswa kati ya karatasi na bamba haitoki tena. Kazi nzima hutupwa. Kosa lake la kawaida ni madoa madogo ya rangi ya fedha mahali ambapo gundi haikugusa vizuri. Huwezi kuyaona ukisimama mbele. Simama ubavuni, uitazame picha kwa mshazari kuelekea mwanga, hasa kwenye sehemu za giza. Na usikubali kupewa kazi iliyobandikwa asubuhi ileile, kwa sababu gundi huendelea kushika kwa siku moja hadi mbili.

Kwa mchoro huu, ningelipia njia ya tatu kama uwezo upo. Njia ya pili iliyofanywa vizuri inatosha kabisa kwa sebule. Ya kwanza iache.

Sasa kipimo, na hapa nakuomba unisikilize kwa makini, kwa sababu 60 kwa 90 si kipimo cha mchoro huu. Mchoro wenyewe, ambao jina lake kwa Kiswahili lingekuwa “Kudumu kwa Kumbukumbu”, Dalí aliuchora mwaka 1931 kwa rangi ya mafuta kwenye turubai, na upo MoMA, jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York, tangu 1934. Watu wengi hudhani ni mkubwa. Una sentimita 24.1 kwa 33 tu, umezidi kidogo karatasi ya A4. Ukiuvuta hadi upana wa sentimita 90, kimo chake lazima kiwe karibu 66. Muuzaji akikupa 60 kwa 90, amefanya moja kati ya mambo mawili: amekata karibu sentimita 6 za juu au chini, au ameuvuta kwa upana ili ujae. Akikata, utapoteza anga au sakafu ile tupu ambayo ndiyo inayozifanya saa zionekane za upweke. Akivuta, saa zitanenepa. Dai 66 kwa 90, na mwambie akutumie picha ya mwisho yenye kingo zote nne kabla hajachapa.

Kuna kipimo kingine ninachokipenda zaidi: 48 kwa 66, mara mbili kamili ya mchoro halisi. Dalí alikuwa mchoraji wa vitu vidogo vilivyokamilika, na ukimkuza sana ule ukali hulegea. Kwa 48 kwa 66 unatumia zaidi kidogo ya nusu ya bamba la 66 kwa 90, na fedha inayobaki inaweza kulipia njia ya tatu badala ya ya pili. Kama picha itakaa juu ya kochi refu itaonekana ndogo, hilo nakubali. Lakini kama itakaa mahali ambapo mumeo anaweza kuisogelea na kuitazama, ndicho kipimo changu.

Kuhusu faili, mwombe muuzaji idadi ya pikseli, usimwombe ukubwa wa faili kwa megabaiti. Mchoro unaomvuta mtu asogee unahitaji pikseli 200 kwa inchi. Kwa 66 kwa 90 ni takriban pikseli 5,200 kwa 7,090. Kwa 48 kwa 66 ni takriban 3,800 kwa 5,200. Picha iliyookotwa mtandaoni yenye pikseli 1,600 kwa upana, ikivutwa hadi sentimita 90, inabakiza pikseli 45 tu kwa inchi. Fundi atakuambia programu yake “inaongeza pikseli”. Kinachoongezwa ni makisio ya programu, na utayaona pale ambapo sisimizi walio juu ya saa moja ya mchoro wamekuwa ukungu.

Faili ina upande wa sheria pia. Dalí alifariki Januari 1989. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi katika maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo ulinzi wa kazi zake haujaisha hapa. Ulaya ni miaka 70. Haki zake husimamiwa na wakfu wa Fundació Gala-Salvador Dalí, Uhispania. Muuzaji wa nakala hii anatakiwa awe na leseni au aonyeshe alipoinunua faili au nakala. Muulize kwa upole lakini muulize. Mwenye leseni hujibu bila kusita, na mara nyingi ndiye pia mwenye faili nzito, kwa sababu faili nzuri za mchoro huu hazizagai bure. Ukiona njia hiyo ni ngumu, mtazame Henri Rousseau, aliyefariki 1910. Hakuwa msurealisti, yaani mchoraji wa mambo ya kindoto kama Dalí, alitangulia, lakini wasurealisti walimpenda. Mchoro wake wa 1897 wa mwanamke aliyelala jangwani na simba akimnusa chini ya mwezi upo MoMA pia, hauna kizuizi cha hakimiliki, na ukiuchapa kwa upana wa sentimita 90 kimo chake kinatoka 58. Yaani ule ukuta ulioupimia 60 kwa 90 unaenea karibu bila kukata kitu.

Na si kila mchoro wa kisurealisti unafaa akriliki. Dalí na msurealisti mwenzake Magritte walipaka rangi laini, karibu bila alama za brashi, kwa hiyo mng'ao wa bamba unawasaidia. Max Ernst, msurealisti mwingine, ambaye tangu 1925 alikuwa akisugua penseli kwenye karatasi iliyowekwa juu ya mbao na vitu vyenye mikwaruzo ili kupata maumbo, huuawa na akriliki. Uso wake mkavu hugeuka kama kalenda. Huyo mchapishe kwenye karatasi ya pamba isiyong'aa.

Omba sampuli kabla ya kazi kamili: vipande vitatu vya sentimita 10 kwa 15, picha ikiwa imekuzwa kiasi kile kile cha kazi ya mwisho. Kwa mchoro huu chagua sehemu tatu. Kwanza ile saa ya rangi ya chungwa iliyofunikwa, kushoto: sisimizi waliojikusanya juu yake lazima uweze kuwahesabu mmoja mmoja. Pili, sakafu ya chini yenye giza: ni ya kahawia, na printa nyingi zilizosahihishwa vibaya huifanya nyeusi tii. Tatu, anga inavyotoka kwenye manjano ya upeo kwenda kwenye bluu: iteleze bila mistari mistari ya ngazi. Usiyahukumu mambo haya ndani ya karakana. Toka nayo nje kivulini, kisha ipeleke nyumbani uiangalie chini ya taa yako ya sebuleni usiku. Balbu nyeupe ya baridi huyafanya majabali ya dhahabu ya kulia yaonekane ya kijani. Ikiwa ndivyo, badilisha balbu uweke ya mwanga wa njano, usibadilishe picha.

Bamba lenyewe: taka lililomiminwa, yaani plastiki ya maji iliyomwagwa kati ya vioo viwili ikagandishwa. Lipo jingine linalosukumwa na mashine kama tambi. Ni rahisi zaidi, lakini limebeba mkazo ndani yake na hupasuka upesi kwenye kingo. Aina huandikwa mara nyingi kwenye karatasi ya kinga iliyobandikwa juu ya bamba, kwa hiyo omba kuiona kabla haijang'olewa. Unene wa milimita 5 ndio mzuri kwa 66 kwa 90. Wa milimita 3 hupinda, na bamba likipinda mwanga wa dirisha hujikunja juu yake kama maji. Bamba hilo la milimita 5 lina uzito wa kilo 3.5 hivi, na mgongo wa Alucobond huongeza kilo 2 na ushei. Mgongo wa aina hiyo nausisitiza kwa sababu ya mchwa. Watu huweka ubao wa maganda au wa MDF, ule wa unga wa mbao uliogandamizwa, nyuma kwa kuwa ni wa bei nafuu, na hapa kwetu mchwa wakipata njia ya kupanda ukutani huanza na huo.

Sasa ukuta. Ule unaotazamana na dirisha la magharibi ndio mbaya kuliko zote mlizonazo. Jua la jioni litaipiga picha moja kwa moja. Akriliki ya kawaida huzuia sehemu tu ya mionzi ya UV, na wino na karatasi hupauka pole pole, manjano na nyekundu kwanza, hata yakiwa nyuma ya plastiki. Hata kabla haijapauka, kila jioni utakuwa unatazama dirisha lako badala ya saa za Dalí. Fanya jaribio hili: kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni, mtu mmoja ashike kioo cha kujitazamia mahali unapotaka kutundika, wewe kaa kwenye kochi. Ukiliona dirisha ndani ya kioo, utaliona ndani ya akriliki. Hamisha kioo ukuta kwa ukuta mpaka kionyeshe sehemu ya giza. Kwa kawaida ukuta wa ubavuni, uliopakana na ule wa dirisha, ndio unaoshinda. Kama huna ukuta mwingine kabisa, taka bamba lenye kinga ya UV na lenye uso usiong'aa, ukijua kwamba rangi za giza zitafifia kidogo, na weka pazia zito.

Katika kutundika, usiruhusu bamba litobolewe pembeni. Zile nguzo fupi za chuma zenye skrubu zinazoshika vibao vya majina kwenye maofisi ni nzuri kwa maofisi, lakini hapa zitatoboa picha yenyewe, na kila tundu ni mahali pa kuanzia ufa. Akriliki hutanuka na joto kuliko ukuta: bamba la sentimita 90, kati ya alfajiri ya Julai na mchana wa Novemba, linaweza kutofautiana kwa milimita moja na zaidi. Likibanwa pembe nne lisiweze kusogea, litapasuka. Kama tayari limetobolewa, tundu liwe pana kuliko skrubu kwa milimita 2 na skrubu isikazwe hadi mwisho. Njia iliyo bora ni reli mbili za aluminiamu zinazopachikana, moja imebandikwa mgongoni mwa Alucobond, nyingine ukutani. Kama reli inabandikwa kwa silikoni, iwe ile isiyonuka siki, na hakuna supa glu kugusa akriliki popote. Mvuke wake huacha ukungu mweupe usiofutika.

Kwenye ukuta wa tofali la saruji, toboa kwa drili, usipige misumari ya zege. Plasta yetu mara nyingi ina mchanga mwingi na hubomoka kwa mapigo. Plagi ya plastiki ya milimita 8 lazima ipite plasta yote na kuingia kwenye tofali, kwa hiyo tumia skrubu ya milimita 50 au 60. Skrubu mbili kwenye reli ya juu zinatosha uzito huu.

Ukiagiza Dar, mzigo uje umesimama kwa ukingo wake, si umelazwa chini ya masanduku mengine. Kinga ya plastiki ising'olewe usoni, pembe nne zifunikwe kwa makatoni manene, na pande zote mbili ziwekwe ubao mwembamba. Ufungue palepale unapoupokea, mbele ya mpokezaji, ukipiga picha, kabla hujasaini. Kwenye risiti ya EFD yaandikwe maneno haya au yanayofanana nayo: akriliki ya kumiminwa milimita 5, picha mgongoni, kipimo sentimita 66 kwa 90, mgongo wa aluminiamu milimita 3. Maneno “picha ya akriliki” peke yake hayakupi pa kudai.

Vumbi la Dodoma haliiharibu picha iliyoko nyuma ya bamba. Kinachoharibika ni uso wa bamba, tena kwa mkono wa anayefuta. Wakati wa kiangazi hewa ikiwa kavu, akriliki huchajika umeme ikisuguliwa na kitambaa kikavu, na vumbi huivamia zaidi ya ulivyolikuta. Vumbi hilo lina mchanga mgumu kuliko plastiki, kwa hiyo kila ufutaji mkavu ni msasa. Zima feni. Changanya lita moja ya maji safi na matone mawili matatu ya sabuni ya kuoshea vyombo. Lowesha kitambaa laini, kiguse tu juu ya uso ili maji yalibebe vumbi, kisha suuza kitambaa na urudie, ndipo upitishe kwa mwendo mmoja kutoka juu kwenda chini. Malizia na kitambaa kingine safi cha aina ya vile vya kufutia miwani, kikiwa na unyevu kidogo. Gazeti usilitumie, wala dawa ya vioo yenye amonia, wala spiriti. Spiriti ni mbaya hasa kama kingo zilikatwa kwa leza, kwa sababu joto la leza huacha mkazo ukingoni, na spiriti ikigusa hapo nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui hujitokeza palepale au wiki kadhaa baadaye. Msaidizi wa nyumbani aambiwe hivyo siku ya kwanza.

Mwisho, mmoja wa wauzaji wako akikuongezea bei kwa “sahihi ya Dalí” au cheti cha toleo lenye namba, usimlipe nyongeza hiyo. Biashara ya sahihi za Dalí imeharibika tangu yeye mwenyewe alipokuwa akisaini karatasi tupu zikachapwe baadaye, na chapa ya akriliki ya mwaka huu haiwezi kuwa imesainiwa na mtu aliyefariki 1989. Unanunua nakala nzuri ya kutazama. Lipia bamba, faili, gundi na mgongo.